Mtetea Anapowika: Kabla Hujachukua Kisu

Leo tunaacha kidogo mambo ya mbegu na mbolea, tunarudi nyumbani, uani, kwenye banda la kuku. Nataka tuzungumze habari ya mtetea anayewika kama jogoo.

Najua wengine mmeshashtuka. Katika vijiji vyetu vingi kuku jike akiwika hilo si jambo la mchezo. Watu husema ni kisirani, ni uchuro, ni dalili ya msiba. Siku hiyo hiyo kuku huchinjwa, na mara nyingine hata nyama yake haliwi, hutupwa porini. Mimi sikuja kuwacheka wanaosema hivyo. Niliwahi kucheka, na nitawaeleza hasara yake.

Nilipoanza kazi ya ushauri wa kilimo nilikuwa kijana mbichi niliyetoka chuoni na madaftari yangu. Nilipangiwa kijiji kimoja cha milimani. Siku moja nikamkuta bibi mmoja mjane ameketi mlangoni, kisu mkononi, mtetea mwekundu amefungwa miguu mbele yake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Umenikuta na balaa. Huyu amewika alfajiri, mara tatu. Majirani wote wamesikia."

Pale palikuwa na mzee wa jirani, akasema lazima kuku yule afe kabla jua halijatua. Nami nikacheka. Nikamwambia mzee yule mbele za watu kwamba huo ni ushirikina, hauna maana. Mzee akainuka akaenda zake, hakusema neno. Kuku akachinjwa. Baada ya wiki mbili hivi kuku wa kijiji wakaanza kufa, banda baada ya banda. Ndipo maneno yakaanza: bibi alichelewa kumchinja, balaa limetoka kwake. Watu wakaacha kumsalimu. Nilipoitisha mkutano wa kueleza habari ya ugonjwa ule, walikuja watu wanne tu. Nani amsikilize kijana anayecheka wazee?

Basi ndugu mkulima, tangu siku ile nimejifunza kwamba swali la mtetea anayewika linastahili jibu. Na jibu lipo. Hebu tulifuate hatua kwa hatua.

KWANZA, JE, MTETEA ANAWEZA KUWIKA?

Ndiyo, anaweza. Sauti ya kuku hutoka kwenye kisanduku kidogo cha sauti kilicho chini ya koo, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu. Kisanduku hicho anacho jogoo, na mtetea anacho. Kwa kawaida mtetea hakitumii kuwika, hutetea tu akishataga. Kinachomfanya jogoo awike ni maji fulani yanayotengenezwa na kende zake na kuingia katika damu. Wataalamu huyaita homoni.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1849 katika mji wa Göttingen, Ujerumani. Mtaalamu mmoja jina lake Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga akawatoa kende. Wale waliobaki bila kende wakakua wanene na wapole, hawakuwika vizuri wala kupigana, na upanga wao wa kichwani ukabaki mdogo. Wengine akawatia kende ndani ya tumbo, mahali pasipo pake. Hao wakawika, wakapigana, wakafukuza mitetea kama majogoo wote. Kwa hiyo ikajulikana kwamba kende hutuma kitu katika damu, na kitu hicho ndicho kinachomfanya jogoo kuwa jogoo.

Sasa sikiliza. Mtetea naye anayo homoni hiyo ya kiume, lakini kidogo. Homoni ya kike ndiyo nyingi, nayo ndiyo inayotawala. Ya kike ikipungua, au ya kiume ikizidi, mtetea anaweza kuanza mambo ya kijogoo.

PILI, NI KITU GANI KINACHOVURUGA MIZANI HIYO?

Ziko sababu kadhaa. Nitazieleza nikianza na ile nyepesi.

Sababu ya kwanza ni kwamba huenda kuku mwenyewe si mtetea. Usicheke, hutokea mara nyingi. Yapo mapora yanayochelewa kukomaa, na mwenye nyumba akayahesabu kuwa ni matembe. Pora huanza kuwika akiwa na umri wa miezi minne hadi sita hivi. Tazama manyoya ya shingoni na ya mgongoni karibu na mkia. Ya tembe yana ncha ya mviringo. Ya jogoo ni marefu, membamba, yenye ncha kali na yanang'aa. Kama kuku wako hajawahi kutaga hata yai moja na manyoya yake yana ncha kali, huyo ni pora.

Sababu ya pili ni kukosekana kwa jogoo. Kuku huishi kwa vyeo. Yupo wa kwanza, yupo wa pili, mpaka wa mwisho anayedonolewa na wote. Mtaalamu wa Norway aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika habari hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini mama yeyote anayemwaga pumba asubuhi anaijua. Jogoo akiwapo, yeye ndiye mkubwa. Siku mkimuuza au mkimchinja, kiti kinabaki wazi. Mara nyingi hukikalia mtetea mmoja mwenye nguvu. Atasimama juu ya kichuguu kutazama mwewe, ataita wenzake akipata mchwa, na pengine atawapanda. Na alfajiri atawika. Sauti yake huwa fupi na ya kukwaruza, kama ya pora anayejifunza. Kuku huyo haumwi kitu, na mara nyingi anaendelea kutaga kama kawaida.

Sababu ya tatu iko ndani ya tumbo. Akina mama mnaotengeneza kuku mnalijua jambo hili. Ukimpasua mtetea anayetaga unakuta kishada cha mayai machanga, viini vikubwa na vidogo vimeshikana kama zabibu. Je, umewahi kutazama kiko upande gani? Kiko upande wa kushoto wa uti wa mgongo. Upande wa kulia hakuna kitu, au kuna kijiuzi tu. Ndivyo alivyoumbwa kuku jike: kizazi cha kushoto hufanya kazi, cha kulia hulala tangu akiwa kifaranga.

Kizazi cha kushoto ndicho kiwanda cha homoni ya kike. Kikiharibika kwa uvimbe, au kwa maji, au kwa ugonjwa uliokiozesha, kiwanda kinafungwa. Hapo kile kijiuzi cha kulia, kilichokuwa kimelala, kinaweza kuamka na kukua. Ajabu ni kwamba kikikua hakifanani na cha kushoto. Hufanana zaidi na kende, nacho hutoa homoni ya kiume. Basi mtetea huacha kutaga. Upanga wake hukua na kuwa mwekundu, na vipi huota miguuni. Akinyonyoka na kuota manyoya mapya, hutoka na manyoya marefu ya jogoo shingoni na mkiani, kwa sababu homoni ya kike ndiyo inayompa kuku jike manyoya ya mviringo. Ikikosekana, hutoka vazi la kijogoo.

Hata hivyo, ndani ya damu na mbegu yake bado ni jike. Usimtegemee akupandie mitetea yako ili upate vifaranga.

Sababu ya nne ni uzee. Mtetea aliyetaga miaka mingi kizazi chake huchoka, homoni ya kike hupungua taratibu, na wengine huanza kuota vipi na kuwika. Hapo hakuna kisirani, ni umri tu.

Wala tusidhani sisi peke yetu ndio tuliowahi kuogopa mambo haya. Mwaka 1474, katika mji wa Basel huko Uswisi, jogoo mmoja alishtakiwa mahakamani kwa kosa la kutaga yai. Alihukumiwa akachomwa moto hadharani pamoja na yai lake. Kwa elimu ya leo inawezekana sana alikuwa mtetea aliyeota umbo la kijogoo. Watu wa kila nchi wameona jambo hili, wakatafuta maana yake kwa elimu waliyokuwa nayo.

TATU, MBONA BALAA HUFUATA KWELI?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, ndugu mkulima. Wazee wetu hawakuwa vipofu. Wanaposema, "Mtetea aliwika, kisha kuku wote wakafa," mara nyingine wanaeleza kitu walichokiona kwa macho yao. Basi tujiulize, kipi kilitangulia?

Fikiria mfano huu. Mdondo umeingia kijijini. Huu ni ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Kuku huzubaa, huharisha kijani, huhema kwa shida, shingo hupinda, mabawa na miguu hupooza, wengine hufa ghafla kabla hujaona dalili yoyote. Sasa, katika banda lako wa kwanza kufa akawa jogoo. Mitetea imebaki bila mkubwa, mmoja akakalia kiti na kuwika. Baada ya siku chache wanakufa waliobaki. Aliyekuwa akisikiliza nje ya ua atasema kuwika kulileta kifo. Kumbe kifo kilikuwa kimeshaingia, na kuwika kulifuata.

Au chukua mfano wa yule bibi wa milimani. Baadaye, nilipopata adabu, nilirudi nikamwuliza vizuri. Akaniambia, "Jogoo nilimuuza kwa wachuuzi kabla ya sikukuu, nikanunua sare za mjukuu." Sawa. Wachuuzi hao walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na matenga yenye kuku wa vijiji vingine. Kuku mgonjwa mmoja katika tenga anatosha. Kinyesi chake kidogo kwenye tenga, kwenye viatu, au kwenye gurudumu la baiskeli huleta mdondo mpaka uani. Kwa hiyo biashara ile ile iliyomwondoa jogoo, na kumfanya mtetea awike, inaelekea ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mambo mawili yalizaliwa na mama mmoja. Lakini lawama akabebeshwa bibi.

Liko na neno jingine linalosemwa: mayai ya mtetea anayewika hayaanguliwi. Nalo mara nyingi ni kweli! Kama jogoo hayupo, yai litatagwa, maana kuku hahitaji jogoo ili atage, lakini halitakuwa na mbegu. Baada ya jogoo kuondoka, mbegu yake hubaki ndani ya mtetea kwa wiki moja au mbili hivi, kisha kwisha. Mayai ya baada ya hapo utayaatamisha siku 21 na kupata viza vitupu. Yatakuwa hivyo kwa mitetea yote ya banda, awikaye na asiyewika.

NNE, UFANYE NINI UKISIKIA MTETEA ANAWIKA?

Usikimbilie kisu. Mkamate jioni, wakati kuku wametulia, kisha umpime hivi.

Moja. Hakikisha ni mtetea kweli. Tazama manyoya kama nilivyoeleza, na ukumbuke kama amewahi kutaga.

Mbili. Mpime kama anataga. Chini ya mkia, pande mbili za tundu la haja, kuna ncha za mifupa miwili myembamba. Weka vidole kati yake. Vidole viwili au vitatu vikikaa, na tundu ni pana na lenye unyevu, kuku huyo anataga. Ikiwa kidole kimoja tu ndicho kinachokaa, na tundu ni dogo, kavu, lenye mikunjo, hatagi. Lakini kumbuka, kuku anayeatamia, mwenye vifaranga au anayenyonyoka naye huwa hivyo kwa muda. Usimhukumu kwa kipimo kimoja.

Tatu. Pima afya yake. Papasa mfupa wa kifua. Ukiwa mkali kama kisu, amekonda. Papasa tumbo. Likiwa limejaa na kucheza kama mfuko wa maji, au anatembea kifua juu na tumbo likiburuza, ana tatizo kwenye kizazi au viungo vya ndani. Mtenge na wenzake, umwite mtaalamu wa mifugo kama yuko karibu.

Nne. Jiulize, jogoo wangu yuko wapi? Kama huna jogoo, na mtetea ana afya na anataga, dawa ni kutafuta jogoo. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi hivi. Akishakaa na kushika cheo chake, mitetea wengi wa namna hii huacha kuwika wenyewe. Na hata asipoacha, hakudhuru.

Tano. Tahadhari na huyo jogoo mgeni. Usimnunue mnadani ukamtupa bandani siku hiyo hiyo. Mtenge mahali pake kwa siku 14. Akiugua, augue peke yake. Ni bora zaidi kumchukua kwa jirani ambaye kuku wake wamechanjwa, ila asiwe ndugu wa damu wa mitetea yako.

Sita. Kama ni mzee, haatamii wala hatagi, hapo fanya hesabu ya mfugaji. Anakula chakula bila kuleta kitu, basi mchinje mle. Mchinje kwa sababu hatagi. Kuwika kusiwe shitaka.

Wengi huniuliza, je, nyama yake inaliwa? Ukimpasua ukakuta viungo ni safi, inaliwa bila hofu yoyote. Ukikuta mavimbe, usaha au maji mengi tumboni, usile wala usiwape mbwa, mfukie kwenye shimo refu. Na mayai yake je? Ni mayai kama mengine. Na kuwika kunaambukiza? Hapana. Wakiwika wawili ujue wanagombea cheo.

TANO, DAWA YA BALAA LENYEWE

Ndugu mkulima, balaa linalomaliza kuku wetu ni mdondo, nao hauna tiba. Kuku akishaugua hakuna kidonge, hakuna pilipili wala mwarobaini utakaomponya. Lakini chanjo ipo, na imetengenezwa kwa ajili ya kuku wetu wa kienyeji. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kuku mkubwa na kifaranga sawasawa. Rudia kila baada ya miezi mitatu hadi minne, bila kusubiri ugonjwa usikike. Wachanje wazima tu, maana mgonjwa haponi kwa chanjo. Elewaneni majirani mchanje siku moja, kijiji kizima, kwa sababu kuku hawajui mipaka ya ua.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mtetea wetu wa kienyeji hutaga mayai 12 hivi kwa mkupuo mmoja, na kwa mwaka huweza kutaga mikupuo mitatu. Tuseme kila mkupuo aangue vifaranga tisa, na kwa matunzo mazuri sita wakue. Hao ni kuku 18 kwa mwaka kutoka kwa mama mmoja. Ukimchinja mama mwema kwa sababu amewika asubuhi moja, umechinja kuku 18. Ukiacha kuchanja, umechinja banda zima.

Namalizia na yule bibi. Msimu uliofuata nilimwendea kwanza yule mzee niliyemcheka. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamwuliza ameona nini katika miaka yake ya kufuga. Tulizungumza mpaka jua likazama. Mwishowe akaniuliza, "Sasa hiyo chanjo yako unaileta lini?" Siku ya kuchanja, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita watu, na nyumba ya kwanza aliyobisha hodi ilikuwa ya bibi. Bibi alikuwa na kuku wanne tu waliobaki. Tukawachanja wote.

Alfajiri ya kesho, ukisikia mtetea wako anawika, amka uende bandani. Hesabu kuku wako, tazama kama jogoo yuko mzima, kisha ujiulize mara ya mwisho ulichanja lini.